Amplifaya ya kelele ndogo ni nini?

Ukipita Majengo, Moshi, ukainua macho kutazama mapaa, utaona madishi. Mbele ya kila dishi kuna kile kichwa ambacho mafundi hukiita LNB. Ndani yake, mawimbi yakishaingia tu, hukutana na amplifaya ya kelele ndogo, yaani kikuza mawimbi kinachoongeza kelele kidogo iwezekanavyo. Simu yako nayo inazo, ila zimejengwa ndani ya chipu.

Kelele hii haisikiki kwa masikio. Elektroni ndani ya resista yoyote (kifaa kinachokinza umeme) hutikisika kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo usio na mpangilio. Baridi ya mlimani haisaidii sana: ukitoka Moshi penye nyuzi 30 ukafika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, penye nyuzi 10 chini ya sifuri, kelele inapungua kwa chini ya desibeli 1 (kupungua nusu ni desibeli 3). Na mawimbi ya GPS yanayomwongoza mpanda mlima yametoka kilomita 20,000 na ushei angani. Yakifika kwenye simu yake, ni hafifu kuliko hiyo kelele.

Basi si tuyakuze tu? Amplifaya hukuza vyote viwili, kisha huongeza kelele yake. Ndiyo maana ya kwanza katika mnyororo ina uzito wa pekee: mwaka 1944 mhandisi wa redio Harald Friis alionyesha kwamba kelele ya hatua ya pili ya ukuzaji hugawanywa kwa ukuzaji wa hatua ya kwanza. Ya kwanza ikikuza mara 100, kelele ya pili huhesabika kwa sehemu moja ya mia. Kelele ya hatua ya kwanza haigawanywi na chochote. Hiyo ni sababu mojawapo ya LNB kukaa juu kwenye dishi badala ya sebuleni karibu na king'amuzi: mawimbi yakipotea nusu kwenye waya kabla ya kukuzwa, hasara ya desibeli 3 imeshaingia.

Kazi ngumu ya mbunifu wa chipu iko mlangoni. Kwa kawaida antena hutaka kukuta ukinzani wa omu 50, la sivyo sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Lakini lango (mguu wa kuingizia mawimbi) la transista ya MOS, aina inayojengwa kwenye chipu, ni kama kapasita tu: hutunza chaji, halina ukinzani huo. Mvivu ataweka resista ya omu 50 pale, nayo italeta kelele sawa na ya antena: desibeli 3 zimekwenda kabla transista haijafanya lolote. Ujanja, na kwangu huu ndio utamu wa fani yenyewe, ni kuweka indakta ndogo (koili ya waya) kwenye mguu wa sosi, ule ambao mkondo wa transista hupitia. Mkondo wa transista ukipita humo, volteji hurudi langoni kwa namna ambayo antena "inaona" omu 50, ingawa resista haipo. Indakta safi haina kelele ya joto.

Tatizo ni hilo neno "safi". Kwenye silikoni, indakta ni uzi mwembamba wa metali uliozungushwa kama konokono, wenye ukinzani wake, na ukinzani ni kelele. Ndiyo maana wabunifu wengine huweka nje ya chipu indakta nyingine, ile inayokaa langoni, japo inakula nafasi. Kuiongezea transista mkondo nako hupunguza kelele, hadi kiwango fulani, lakini huyo mpanda mlima anataka chaji imfikishe kilele cha Uhuru na kumrudisha.