Je, wajua kwa nini majani ya mmea mmoja hutibu leo, kesho yasitibu?

Ukimeza dawa mseto ya malaria, ALu, sehemu kubwa ya nguvu yake asili yake ni majani. Wachina huuita mmea huo qinghao, wanasayansi Artemisia annua, nasi tunauweka katika jamii ya pakanga, maana uchungu wake haufichiki. China wameutumia kutibu homa kwa zaidi ya miaka 1,600. Hata hivyo, ulipopelekwa maabara nusura utupwe.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa kufuata tarehe hiyo. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na askari wa Vietnam Kaskazini, waliosaidiwa na China, waliugua msituni kwa vimelea ambavyo klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, haikuviweza tena. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa tiba ya jadi jijini Beijing, alikabidhiwa kikosi. Walipekua maelekezo ya waganga zaidi ya 2,000, wakakamua dawa 380 hivi kutoka mimea ipatayo 200, wakazijaribu kwa panya. Qinghao ilizuia vimelea kwa asilimia 68. Walipoirudia, ikaanguka hadi kati ya asilimia 12 na 40.

Tu akarudi vitabuni. Mganga Ge Hong wa karne ya 4 alikuwa ameandika: twaa konzi moja ya qinghao, loweka majini, kamua, unywe maji yake yote. Hakutaja moto popote! Tu akashuku kwamba kuchemsha ndiko kulikoua dawa, akakamua majani kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafyeka vimelea vyote katika panya. Kwa kazi hiyo Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Moto, hata hivyo, haukuwa sababu pekee, na hapa ndipo mimi huona utamu wa kisa hiki. Jina qinghao lilibeba mimea sita, na mmoja tu kati yake ndio wenye artemisinini, kiini kinachoua vimelea. Katika mmea huo nao, kiini hukaa kwenye vinyweleo vidogo mno vya majani. Shina na mizizi havina cha maana. Majani yachumwe kabla mmea haujachanua. Tena qinghao ya Beijing ilikuwa na kiini kidogo sana, ilhali ya Sichuan ilikuwa nacho tele. Aliyesema “hii dawa” na aliyesema “hii si dawa” wote wangeweza kuwa wakweli, kila mmoja na fungu lake mkononi.

Jina likikosewa, madhara huwa makubwa kuliko kukosa nafuu. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliripoti wanawake walioharibika figo baada ya kumeza dawa za Kichina za kupunguza unene. Walitakiwa wapewe Stephania tetrandra; wakapewa Aristolochia fangchi, yenye asidi inayoua figo na kuleta saratani. Kwa Kichina mimea yote miwili ni fangji. Ndiyo maana siku hizi mzigo wa mitishamba hukaguliwa kwa hadubini, kiini chake kikapimwa kwa kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, na pakiwa na shaka husomwa hata DNA yake.

Artemisia hulimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda, na wapo wanaoinywa kama chai wakiumwa malaria. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo, na naona wana haki. Kiini hutofautiana shamba kwa shamba na birika kwa birika. Kikiwa kidogo, homa huweza kushuka siku mbili tatu huku vimelea vikibaki damuni, na vile vilivyosalimika ndivyo vinavyoizoea dawa.