Ukishaweka "u" kwenye "colour" kazi ndo kwanza inaanza

Kazi yangu ni kupitia stori za Kiingereza kabla hazijafika kwa wahariri wa magazeti ya Uingereza, nyingi ni za waandishi wa kujitegemea wa huku kwetu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni lile la spelingi: nimebadilisha "color" ikawa "colour", "center" ikawa "centre", nimemaliza? Hujamaliza. Naona watu wenye stori nzuri kabisa, wamesafiri, wamehoji, wana ushahidi wote, halafu wanamaliza nguvu kwenye herufi moja moja na kuteleza pale ambapo neno moja linageuza ukweli wa habari nzima. Hilo ndo linaloniuma na ndo nataka tuliongee leo.

Ila tuanze na hiyo spelingi maana nayo ina mitego yake. Sisi tuliosoma Kenya, Uganda au Tanzania tulifundishwa spelingi ya Uingereza, na magazeti yetu ya Kiingereza kama Daily Nation na The Citizen yanaitumia mpaka leo, kwa hiyo kichwani tunayo. Anayetuharibia ni kompyuta. Nyingi zinakuja zimeshawekwa Kiingereza cha Marekani, unaandika "labour" inapigwa mstari mwekundu, unadhani umekosea, unabadilisha, na hapo umeharibu neno lililokuwa sahihi. Nenda kwenye mipangilio uweke Kiingereza cha Uingereza, dakika moja tu. Huo mgawanyiko wenyewe ni wa kamusi: Waingereza kwa sehemu kubwa walibaki na spelingi zilizotiliwa mkazo na kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, na Wamarekani wakamfuata Noah Webster, ambaye alitaka taifa lake liwe na spelingi yake na kamusi yake kubwa ikatoka 1828.

Sasa mtu akishajua kanuni ya "u" anaimwaga kila mahali. "Humour" ni sawa lakini "humorous" haina "u" kabla ya "r", "glamour" inazaa "glamorous", "vigour" inazaa "vigorous", "honour" inazaa "honorary" ila "honourable" inabaki na "u" yake, na hiyo ni Uingereza hukohuko siyo Marekani. Herufi "l" nayo hivyohivyo, wanaandika "travelled" na "cancelled" kwa "l" mbili halafu "fulfil", "enrol" na "skilful" wanaweka moja pale ambapo Mmarekani anaweka mbili. Mtu anayekariri kwamba Mwingereza anaongeza na Mmarekani anapunguza lazima aanguke hapo. Halafu kuna "licence" na "license", "practice" na "practise": jina linachukua "c", kitendo kinachukua "s", kwa hiyo leseni ya udereva ni "driving licence" lakini dereva "is licensed". Ukichanganyikiwa kumbuka "advice" na "advise", hizo zinatamkwa tofauti kwa hiyo sikio lako linakusaidia.

Kuhusu "-ise" na "-ize" naomba niondoe uongo mmoja. Watu wanasema "-ize" ni ya Kimarekani. Siyo kweli, Oxford wamekuwa wakitumia "-ize" kwenye kamusi zao muda wote, kwa hoja kwamba chanzo chake ni Kigiriki, na hata The Times lenyewe liliitumia miaka mingi kabla ya kuhamia "-ise". Leo magazeti ya Uingereza karibu yote ni "-ise", kwa hiyo andika "organise" na "realise" bila wasiwasi, lakini usije ukamrekebisha profesa wa Oxford ukamwambia amekosea. Yapo maneno yasiyogusika popote: "advertise", "exercise", "surprise" ni "s" kwa wote, "capsize" na "seize" ni "z" kwa wote. Na "analyse" ni "s" hata kwa Oxford.

Majina rasmi usiyaguse. "Pearl Harbor" inabaki hivyo hata ukiwa unaandikia The Daily Telegraph, "World Trade Center" inabaki hivyo, World Health Organization makao yake Geneva na bado ina "z" kwenye jina lake. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa vyama: chama cha Uingereza ni Labour Party chenye "u", cha Australia ni Labor Party bila "u", na wameiacha hiyo "u" tangu 1912 ingawa Waaustralia wenyewe wanaandika "labour" kwenye maneno ya kawaida. Ukiiongeza kwa nia njema umeandika jina la chama ambacho hakipo.

Kuna jambo la vifupisho ambalo wengi hawalijui. Magazeti mengi ya Uingereza, kifupisho kikitamkwa kama neno wanaweka herufi kubwa ya kwanza tu: Nato, Fifa, Nasa, Unicef. Kikitamkwa herufi moja moja kinabaki kikubwa chote: BBC, NHS, MP, bila nukta katikati. Msomaji wa Nation keshaizoea hii maana wao pia wanaandika Fifa na Kemri (ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya).

Haya, spelingi basi. Tuje kwenye maneno.

Neno la kwanza ni "refute", na nikiliona kwenye stori nasimama palepale. Waziri anatuhumiwa kula rushwa, anasema siyo kweli, mwandishi anaandika "the minister refuted the allegations". Kwenye mwongozo wa uandishi wa magazeti makini "refute" maana yake ni kuthibitisha kwa ushahidi kwamba tuhuma ni ya uongo. Waziri hajathibitisha chochote, amekanusha tu. Kwa neno moja mwandishi ameshamsafisha waziri kwenye gazeti, bila kesi wala shahidi. Andika "denied" au "rejected" na uendelee na habari yako. Najua kamusi nyingi sasa zinakubali "refute" kwa maana ya kukanusha kwa sababu watu wengi wanaitumia hivyo, na mimi sina ugomvi na anayeongea hivyo mtaani, lakini kwenye habari ya tuhuma sikubali kabisa, kwa sababu msomaji anayejua maana ya zamani atasoma kitu ambacho hukukusudia.

Na hili linakwenda mpaka kwenye vitenzi vidogo vya kunukuu ambavyo watu wanavibadilishabadilisha ili wasirudie "said". Mwalimu wa insha alikwambia usirudie neno, sawa, lakini gazeti siyo insha. "Claimed" inamwambia msomaji hatumwamini huyu. "Admitted" inasema alikuwa na kosa akalikubali. "Revealed" inasema ni kweli na ilikuwa siri. "Pointed out" inasema ni kweli na sisi tunakubali. Sisi tunalijua hili vizuri kwa Kiswahili, mtu akiandika "mke wake alidai" badala ya "mke wake alisema" wote tunasikia shaka ndani yake, na akiandika "alikiri" tunatafuta kosa ni lipi. Sasa chukua stori ambayo polisi wote "said" na wanakijiji wote "claimed", umeshachagua upande na huenda hata hukujua. Said, said, said, irudie mara ishirini, hakuna mhariri wa London atakayekulaumu.

Kwenye habari za polisi na mahakama mambo yanakuwa mazito zaidi kwa sababu kuna sheria. England mtu akikamatwa ni "arrested", akifunguliwa mashtaka ni "charged", na kati ya hizo hatua mbili kuna umbali mkubwa, ni kama sisi tunavyotenganisha mtuhumiwa na mshtakiwa. Contempt of Court Act ya 1981, yaani sheria ya kudharau mahakama, inaanza kufanya kazi mara mtu anapokamatwa, na kuanzia hapo gazeti likichapisha kitu chenye hatari kubwa ya kuharibu kesi kwa uzito linaweza kushtakiwa hata kama halikukusudia. Kwa hiyo ukiandika "the killer was arrested" wakati ni mtu anayeshukiwa tu, usishangae stori yako ikikaa mezani kwa wanasheria. Mauaji yenyewe usiyaite "murder" mpaka uwe na msingi, maana kisheria "murder" ni aina moja tu ya kuua, na ipo pia "manslaughter".

Neno lingine ambalo utaliona limebadilishwa ni "commit suicide". Miongozo mingi inataka "killed himself" au "died by suicide", kwa sababu "commit" ni kitenzi cha makosa ya jinai na kujiua kuliacha kuwa kosa England na Wales tangu 1961. Hapo sihitaji hata kushawishiwa, familia inayosoma ile habari asubuhi ina haki ya kutosomewa mashtaka.

"May have" na "might have" zinafanana machoni lakini siyo kitu kimoja. "The passengers may have died" maana yake hatujui kama wamekufa au wako hai. "They might have died" kwenye habari ya uokoaji ina maana hawakufa, wamenusurika. Fikiria ndugu yao anaisoma akiwa Mombasa.

Asilimia pia. Riba ikipanda kutoka 4% kwenda 5% imepanda kwa "one percentage point", haijapanda kwa 1%, kwa hesabu imepanda kwa 25%. Na neno "billion", ukisoma magazeti ya zamani ya Uingereza kuwa mwangalifu, zamani kwao ilikuwa milioni mara milioni, ni 1974 ndipo waziri mkuu Harold Wilson alipoliambia Bunge kwamba serikali itatumia maana ya milioni elfu moja, ambayo ndiyo bilioni yetu sisi. Siku hizi wanafupisha £5m na £5bn, bila nafasi katikati.

Sasa kosa letu sisi hasa, la waongea Kiswahili. Tuna neno moja, Uingereza, tunalitumia kwa kila kitu, na kwenye Kiswahili halitusumbui. Ukihamia Kiingereza lazima uligawe. "England" ni nchi moja tu kati ya nne. "Britain" au "Great Britain" ni England, Scotland na Wales. "UK" ni hizo tatu pamoja na Northern Ireland. Ukiandika "the English government" umeandika kitu kisichokuwepo, serikali ni ya UK, na Scotland wana serikali yao huko Edinburgh inayoshughulikia elimu na afya, ndiyo maana habari ya ada za vyuo vikuu ikisema tu "British students" inakuwa na makosa tayari. Kwenye Olimpiki wanakimbia kama Team GB lakini kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kama ile ya Glasgow 2014, England, Scotland, Wales na Northern Ireland kila mmoja na timu yake, kwa hiyo Mkenya akimshinda mtu wa Scotland pale usiandike amemshinda "the Englishman", utapata barua. Halafu cha kuchanganya zaidi ni kwamba Bank of England ndiyo benki kuu ya UK nzima. Hiyo huna namna, jua tu.

Na "Sir". Hicho cheo cha heshima kinatumiwa pamoja na jina la kwanza, siku zote: Sir Mo Farah ukimfupisha ni Sir Mo, Sir Keir Starmer ni Sir Keir, hakuna "Sir Farah" wala "Sir Starmer". Sisi tumezoea kumwita mtu mzima kwa jina la ukoo kama heshima ndo maana tunateleza, lakini kwao hiyo ni alama ya haraka kwamba mwandishi hajui mfumo.

Kuna maneno pia ambayo Mwingereza na Mmarekani wanayaandika sawasawa na kuyaelewa kinyume. "To table a motion" London ni kuuleta mjadala mezani, Washington ni kuuweka pembeni. "Public school" England ni shule binafsi ya ada kubwa kama Eton. Kama umekaa na mitandao ya Kimarekani sana, haya yanakupata bila kujua, na kompyuta haitapiga mstari wowote mwekundu hapo.

Gazeti la The Guardian mwongozo wao wote uko wazi mtandaoni bure, kwa mpangilio wa alfabeti, fungua ukiwa unaandika. Kila gazeti lina wake na hazifanani, kwa hiyo kabla hujatuma soma stori tatu nne za ukurasa uleule unaoutaka, uone namba wanaziandikaje, vyeo wanaviandikaje.

Mwisho kuna hili la vichwa vya habari. Utaona "probe", "row", "axe", "slam", "bid" na utatamani kuyatumia ili uonekane mzoefu. Hayo ni maneno mafupi yaliyozaliwa kwa sababu nafasi ya kichwa ni finyu, "probe" inaingia pale "investigation" isipoingia, na hakuna Mwingereza anayeongea hivyo nyumbani kwake. Kwenye stori yenyewe andika "investigation", andika "dispute", na kichwa waachie wenye gazeti, wataweka chao hata hivyo.