Bastola ya kwanza: anza na mkono wako, kaliba baadaye

Swali ninaloulizwa sana na raia wanaotaka kumiliki silaha ni hili, mkufunzi nichukue bastola gani, na mara nyingi kabla sijajibu mtu keshatoa simu ananionyesha picha. Picha yenyewe ama ni ya kibastola kidogo cha kukaa mfukoni, ama ni dude kubwa linalong'aa. Mimi nafundisha shabaha na utunzaji wa silaha hapa Dar, na kila anayeuliza namwambia leta mkono nikuone kwanza. Naangalia upana wa kiganja, urefu wa kidole cha shahada, na nguvu za kuvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, manake hapo ndo bastola inapochaguliwa, hayo mengine yanafuata.

Ila kabla ya mkono kuna karatasi, na hili nalisema mapema kwa sababu wapo wanaotanguliza hela wakijua kibali kitafuata. Silaha za kiraia kwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini kabisa, serikali ya mtaa wako, watu wanaokujua unaishi vipi na jirani zako, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama za kata na wilaya, yanakwenda polisi mpaka kwa Msajili wa silaha. Leseni inaenda na silaha moja yenye namba yake, sio leseni ya bastola yoyote utakayoipenda baadaye, kwahiyo ukikosea kuchagua unalo mwaka mzima na zaidi. Na kama kuna mtu anakupa "mguu wa kuku", yaani bastola ya mtaani, wa bei poa usio na karatasi, huyo hakuuzii ulinzi, anakuuzia kesi.

Haya, mkono. Ukipewa bastola uishike dukani au uwanjani, jambo la kwanza ni kuhakikisha haina kitu, na hapa naomba twende taratibu kwa sababu ndipo watu wanapofia. Elekeza mdomo wake sehemu salama, kidole kikae nje kabisa ya triga, kile kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa silaha. Toa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Sasa hapo wengi wanaamini wamemaliza, wanasema haina risasi hii, kumbe ukitoa magazini umetoa zile zilizo kwenye magazini tu, ile moja iliyokwisha kupanda kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bado imekaa pale inasubiri kidole. Vuta slaidi mpaka mwisho, ifunge ikae wazi, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uiguse, hasa kama ni usiku au taa hafifu. Na mpangilio usiugeuze, ukivuta slaidi kwanza halafu ndo utoe magazini, ile slaidi ikirudi inapandisha risasi nyingine na wewe unajiona umeisafisha. Hata kama mwenzako amekagua mbele yako, ukipokea kagua tena. Mimi nakagua bastola niliyoiweka mwenyewe mezani dakika mbili zilizopita na sioni aibu.

Ikishakuwa tupu ishike. Ule utando kati ya gumba na shahada ukae juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu unyooke na mfupa wa mkono kama vile umenyoosha kidole. Kisha peleka kidole kwenye triga, ile nyama ya katikati ya pingili ya kwanza ndo inatakiwa ikae pale. Kama inafika ncha tupu, mpini ni mnene kwako na utakuwa unasukuma risasi pembeni kila ukifyatua. Kama kidole kinapitiliza mpaka kwenye kiungo, mpini ni mwembamba na utavutia upande mwingine. Bastola nyingi za siku hizi zinakuja na migongo ya mpini ya kubadilisha, uliza kabla hujakata tamaa.

Kuna mama mmoja wa Mbezi, ana duka la jumla, alikuja na mumewe. Mume kashachagua kabisa kibastola chepesi, anasema hiki ndo cha kike. Bahati nzuri walikuwa hawajalipa. Nikawawekea karatasi mita 7, mama akapiga risasi tano na kile kidogo: mbili kwenye karatasi, tatu sijui zilikwenda wapi kwenye udongo, na mkono ukawa mwekundu. Sio kosa lake, bastola ikiwa nyepesi teke lote linarudi kwenye kiganja, na mtutu ukiwa mfupi kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa kule mbele. Nikampa ya saizi ya kati, familia ya Glock 19, mtutu wa milimita 102, magazini ya risasi 15. Tano zote zikakaa kwenye eneo la kisahani cha chai. Akaniangalia akasema, "Mkufunzi, mbona hii kubwa ndo laini?" Ndo hivyo mama, bastola ndogo ni ya mtu aliyekwisha kujua kupiga, anayeanza anahitaji yenye mwili.

Kwenye kaliba, yaani unene wa risasi, sitakaa sana japo ndipo mabishano yanapokuwa mengi. Kama lengo lako ni shabaha tu, .22 inakutosha na kubaki, teke hakuna, kelele kidogo, risasi zake nafuu, na kwa kujifunza hakuna mwalimu mzuri kama hiyo. Kama unataka moja ya shabaha na nyumba, mimi nasema 9mm, kaliba iliyoanza 1902 kule Ujerumani na mpaka leo majeshi mengi duniani wanaitumia, inavumilika mkononi na kuna bastola nyingi zilizotengenezwa kwa ajili yake. .45 waachie wenye uzoefu. Risasi ya 9mm inayompata anayelengwa ina maana kuliko .45 inayopiga ukuta wa jirani.

Revolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, je? Watu wazima wenye vidole dhaifu vya kuvuta slaidi wanaipenda, na ina uzuri wake, unafungua silinda unaona zote tano au sita zimekaa, hakuna cha kujificha kwenye chemba. Shida ni triga, ukiivuta bila kukoki nyundo, yaani bila kuirudisha nyuma kwanza kwa gumba, ni nzito, unaweza kuwa unavuta kilo 5 hivi, na mkono unatikisika kabla risasi haijatoka. Ijaribu kwanza. Na ukienda kwenye bastola ya magazini fahamu kwamba nyingine, Glock ikiwemo, hazina kitasa cha usalama cha kufunga kwa gumba, usalama wake umejengwa ndani na kwenye triga yenyewe, kwahiyo zinataka holista, yaani ala ya bastola, ngumu inayoifunika triga yote, sio kuchomeka kiunoni ndani ya suruali.

Sasa tuje kwenye nyumba, na hapa nazungumza na mtu wa Sinza, wa Mbagala, wa Tabata, ambako dirisha langu na dirisha lako zinatazamana. Risasi ya bastola inapita mlango wa mbao, inapita silingi, inapita bati, inapita kioo cha aluminiamu kama vile hakuna kitu, na tofali zetu zilizokazwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo usiziwekee imani. Nyuma ya mlango wa sebuleni kuna chumba cha watoto. Nyuma ya fensi kuna mpangaji ametoka kwenda choo cha uani saa nane usiku. Ndo maana nasisitiza tochi yenye mwanga mkali ikae jirani na bastola, hujaona uso hujaruhusiwa kuweka kidole kwenye triga, huyo anayehangaika na kitasa anaweza kuwa kijana wako kachelewa kurudi. Mpango wa nyumba ni grili nzima, taa za nje zinazowaka, familia yote ikusanyike chumba kimoja, mlango ufungwe, mmoja apige 112, na mwenye bastola abaki ndani ya chumba hicho analenga mlango, asitoke kwenda kumtafuta mwizi gizani. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda wewe na mali yako ila kwa nguvu inayolingana na hatari, na mtu anayekimbia na televisheni amekupa mgongo, huyo hatishii tena uhai wa mtu, ukimpiga risasi utaenda kujieleza mahakamani na maelezo yatakuwa magumu.

Bajeti igawanye mapema. Watu wanamaliza hela zote kwenye bastola halafu wanaificha chini ya godoro au juu ya kabati, na mtoto wa miaka 6 anajua kila kitu kilichopo juu ya kabati. Nunua sefu ndogo ya namba, ipigilie boliti ukutani au sakafuni. Nunua vilinda masikio, mlio wa bastola unavuka desibeli 140 na masikio yakiharibika hayarudi, na miwani ya macho. Hewa yetu ya pwani nayo ina chumvi na unyevu, bastola ukiiacha kwenye holista ya ngozi mwezi mzima unaikuta na kutu, ngozi inanyonya maji, kwahiyo ihifadhi nje ya holista, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujala wala kubeba mtoto, moshi wa risasi una madini ya ledi ambayo ni sumu.

Mazoezi mengi utayafanyia nyumbani bila risasi hata moja. Risasi zote zikae chumba kingine, kagua chemba mara mbili, lenga ukuta mnene usio na mtu nyuma, na kama ni .22 uliza kwanza maana nyingi zinaumia zikifyatuliwa tupu. Weka sarafu ya shilingi mia juu ya slaidi kule mbele, kisha vuta triga taratibu mpaka ibonyee yenyewe. Mkono ukitikisika sarafu inaanguka, na siku ya kwanza itadondoka kila mara. Yule mama wa Mbezi alikuwa akifanya mara ishirini kila jioni akishafunga duka, wiki ya tatu akanipigia, "Mkufunzi, leo imekaa zote ishirini."