Je, Wajua Kwa Nini Ndege ya Kupima Ardhi Huhitaji Gari Lipite Chini?

Ukiona gari lenye mtambo unaozunguka juu ya paa likikata mitaa yote, hata ile isiyo na la kuangalia, huenda linamalizia kazi ya ndege iliyokwisha kupita juu. Ndege imepiga picha na kurusha leza, eneo zima limo kwenye kompyuta, na bado wapimaji wanalituma gari. Kwa nini?

Nilipoulizwa swali hili mara ya kwanza nilijibu bila kusita: gari liko karibu na ardhi, vipimo vyake ni sahihi zaidi, kwa hiyo linaisahihisha ndege. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu nyingine imesimama kichwa chini miguu juu, na ndiyo inayonivutia.

Nianze na iliyo kweli. Leza ya kupimia hutoa mpigo wa mwanga, husubiri urudi, kisha hugeuza muda kuwa umbali. Mwanga husafiri karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa unakwenda na kurudi, saa ikikosea kwa nanosekunde moja tu, umbali unakosewa kwa sentimita 15. Mpigo huo hurudiwa mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwenye mitambo mingine hufika milioni, hadi kupatikana kile wapimaji wanachokiita wingu la nukta, yaani rundo la nukta zinazochora umbo la eneo. Ila umbali peke yake hautoshi. Mtambo lazima ujue pia uko wapi duniani, kazi ya setilaiti, na umeelekea upande gani, kazi ya kifaa cha mwendo chenye jairoskopu, inayohisi kugeuka, na vipima mchapuko, yaani badiliko la kasi.

Sasa tuseme kifaa hicho kimekosea mwelekeo kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Ndege ikiwa mita 1,000 juu, nukta inaangukia takriban sentimita 17 mbali na mahali pake. Gari likiwa mita 20 kutoka ukutani, kosa lilelile ni milimita tatu na nusu. Isitoshe, gari huona kuta, ukingo wa barabara na tumbo la daraja, vitu ambavyo ndege huvipita kama mtu anayekagua nyumba kwa kutazama mabati tu.

Nikaishia hapo nikiridhika. Nilichosahau ni anga.

Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, na ndege inaziona bila kizuizi chochote. Gari lililo katikati ya majengo marefu huona kipande chembamba cha mbingu, na baadhi ya mawimbi hulifikia baada ya kugonga vioo vya jengo la jirani, yakiwa yamerefusha safari na kudanganya umbali. Chini ya miti yenye majani mazito hali haina nafuu. Ndani ya handaki hakuna setilaiti kabisa. Kwa hiyo chombo chenye jicho kali zaidi ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya kutojua kimesimama wapi.

Gari likipoteza setilaiti, hutegemea kile kifaa cha mwendo. Fumba macho utembee chumbani mwako ukihesabu hatua. Hatua tatu za kwanza una uhakika. Ya kumi unanyosha mkono kutafuta ukuta. Kila hatua imeongeza kosa lake dogo juu ya makosa yaliyotangulia. Kwa kifaa hiki hali ni mbaya kuliko hatua, kwa sababu kinapima mchapuko, si umbali. Kosa la mchapuko huwa kosa la kasi, na kosa la kasi huwa kosa la mahali. Kikikosea mchapuko kwa milimita moja kwa sekunde ya mraba bila kubadilika, baada ya sekunde 10 mahali pamekosewa kwa sentimita 5. Baada ya dakika moja, kwa mita 1.8.

Kwa vitendo hawaachi lifike huko. Gurudumu hufungiwa kihesabu mizunguko, na baada ya safari hesabu hufanywa mara mbili: kutoka mwanzo kwenda mwisho, kisha kutoka mwisho kurudi mwanzo. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Imefungwa ncha zote mbili, pale setilaiti zilipopotea na pale zilipoonekana tena, na hulegea zaidi katikati. Ndivyo kosa lilivyo: handaki likiwa refu, mahali pasipoaminika sana huwa karibu na nusu ya safari, wala si kule mwisho ambako mtu angetarajia.

Jambo hili hudanganya macho, maana wingu la nukta la gari hubaki zuri mno. Mlango ni mlango, nguzo ni nguzo, upana wa barabara ni sahihi kwa sentimita moja au mbili. Ni kama shati lililofungwa kwa kuruka kifungo kimoja: kila kifungo kimeingia tunduni vizuri, ila nguo nzima imekaa upande. Wapimaji hutenganisha usahihi wa umbo na usahihi wa mahali. Gari lina la kwanza karibu siku zote. La pili hulipata pale mbingu inaporuhusu. Likipita mtaa uleule mara mbili, huweza kuleta barabara mbili, moja juu ya nyingine, zikiachana kwa unene wa matofali, na kila moja ikionekana ya kweli ukiitazama peke yake.

Basi gari linaisaidiaje ndege? Kwanza, lenyewe husahihishwa kwa nukta chache zilizopimwa kwa mkono, hasa kwenye vipande vyenye kiza cha setilaiti. Halafu jukumu lake linageuka: nukta hizo chache linazizalisha kuwa maelfu.

Picha za anga huhitaji alama za ardhini ambazo mahali pake panajulikana. Kwa desturi, watu hutandika misalaba ya kitambaa au kupaka rangi kabla ya ndege kuruka, kisha huipima mmoja mmoja. Lakini barabara tayari imejaa alama: ncha ya mshale, kona ya kivuko cha pundamilia, mwisho wa mstari wa kusimamia. Kamera ya ndege huziona vizuri. Leza ya gari je, ambayo haioni rangi?

Inaziona, na kwa sababu ambayo haikukusudiwa. Rangi ya barabarani mara nyingi huchanganywa na chembe ndogo za kioo za mviringo, zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka ili dereva auone mstari usiku. Leza ni kama dereva aliyejifunga taa usoni: mwanga unatoka hapo na jicho liko hapohapo. Kwa hiyo mstari huirudishia leza mwangwi mkali kuliko lami nyeusi inayouzunguka. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya taa za magari kimegeuka kuwa nanga ya ramani, na gari huzikusanya nanga hizo bila mtu kusimama katikati ya barabara.

Kwa leza ya ndege, msaada ni wa kimo zaidi. Lami ni tambarare na haina majani, kwa hiyo uso uliopimwa na gari hulinganishwa na uso uliopimwa kutoka juu. Ikiwa ukanda mzima wa ndege, yaani eneo ililopima kwa mpito mmoja, umepanda kwa sentimita nane, huonekana, na hushushwa.

Hapa tahadhari zinahitajika. Gari huishia barabarani. Likithibitisha kimo cha lami, halijasema lolote kuhusu kimo cha ardhi iliyo chini ya nyasi ndefu mita 300 pembeni. Na data iliyotumika kuinyosha ndege haifai kutumika tena kuipima kama imenyooka. Viwango vya 2023 vya American Society for Photogrammetry and Remote Sensing, chama cha Marekani cha upimaji kwa picha na vihisi vya mbali, vinataka angalau nukta 30 za ukaguzi, na hizo zinapaswa kuwa huru, zisiwe zile zilizokwisha kutumika kwenye marekebisho.

Tena kuna mafundi rangi. Ndege ikiruka leo na gari likipita baada ya mwezi, huku katikati mistari imepakwa upya kiganja kimoja kando ya ile ya zamani, programu itaoanisha kona mbili ambazo hazijawahi kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana tarehe ya kupaka rangi barabara, jambo ambalo sikudhani mchora ramani angelijali, huulizwa kabla gari halijawashwa.