Yai unaliogopa bure, tazama kijiko cha mawese

Wengi wanaonijia hapa Bukavu na karatasi ya maabara inayoonyesha kolesteroli imepanda hunieleza kwanza kwamba mayai wameshaacha. Nikiuliza sombe, yaani majani ya muhogo, inapikwa na mawese kiasi gani, wananishangaa.

Kolesteroli, aina ya mafuta yaliyo mwilini, si sumu. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, maana kila seli inaihitaji, na nyongo na homoni kadhaa hutokana nayo. Ukila nyingi, kwa watu wengi ini hupunguza inayotengeneza. Ndiyo maana kiini cha yai, chenye miligramu zipatazo 200, hakipandishi sana kolesteroli ya damu. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 uliondoa ule ukomo wa miligramu 300 kwa siku.

Kinachopandisha zaidi LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, ni mafuta yanayoganda. Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL na kuitoa damuni. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Mafuta hayo yakizidi, vipokezi hulegea na LDL hubaki ikizunguka.

Mama anayeuza mawese sokoni Kadutu, hapa Bukavu, akikuambia mawese yake hayana kolesteroli, anasema kweli. Lakini itazame chupa asubuhi ya baridi: chini kumeganda. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya namna hiyo, gramu 7 hivi kwa kijiko kikubwa. Kwa anayekula kalori 2000 kwa siku, kiwango cha juu cha mafuta hayo kwa Shirika la Afya Duniani ni gramu 22 hivi. Vijiko vitatu tu, umekaribia.

Sikwambii uyaache. Mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na watoto wetu wanaihitaji sana. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zipike kwa mchuzi mara nyingi kuliko kuzikaanga.

Halafu maharagi! Inaniuma yakiitwa chakula cha maskini. Nyuzi zake hushika nyongo tumboni na kutoka nayo chooni, na ini hulazimika kuchota kolesteroli damuni kutengeneza nyingine. Uyale kila siku, hata kwa lenga-lenga (mchicha) tu.

Mwenye kisukari, au ambaye ndugu zake wa damu walipata ugonjwa wa moyo wakiwa bado vijana, asijipangie mayai mwenyewe. Aende na karatasi yake kwa daktari.