Zana za kuvunjia nyumba: neno linalomhusu anayechokonoa kufuli kwa kujifurahisha

Ndani ya silinda ya kufuli la kawaida mna pini tano au sita, kila moja imesukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi unaziinua zote hadi usawa mmoja, na silinda inazunguka. Anayechokonoa anatafuta usawa huohuo bila ufunguo: kwa mkono mmoja anaikaza silinda kidogo sana kwa kipande cha chuma kilichopinda, kwa mkono wa pili anasukuma pini moja baada ya nyingine kwa kichokonoo chembamba. Pini ikikaa mahali pake, kidole kinasikia mshtuko mdogo, kama punje ya mchanga imehama. Aliyewahi kuusikia mshtuko huo hauachi mchezo huu kirahisi. Muda si muda anataka kuagiza seti yake mwenyewe, na hapo ndipo anapojiuliza: je, nikinunua vitu hivi nimevunja sheria?

Jibu limejificha ndani ya istilahi moja, “zana za kuvunjia nyumba”. Wengi hudhani mahali fulani kuna orodha yenye vichokonoo, mtaimbo na ule ufunguo unaofungua kila mlango ambao Waswahili huuita ufunguo malaya, na kwamba ukikutwa na kimojawapo umekwisha. Sheria nyingi hazikuandikwa hivyo. Kitu huwa zana ya kuvunjia kwa sababu ya nia ya aliyekishika. Bisibisi la fundi ni bisibisi; likiwa mfukoni mwa mtu anayekwenda kung’oa dirisha la jirani, jina lake mbele ya hakimu linabadilika.

Tazama sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, kifungu cha 25. Ni kosa mtu kuwa na kitu chochote, akiwa nje ya makazi yake, kwa ajili ya kukitumia katika wizi au uvunjaji wa nyumba. Adhabu yake yafika kifungo cha miaka 3. Maneno mawili humo yanastahili kusomwa polepole. “Chochote” lina maana kwamba hata waya wa kawaida waweza kukutia hatiani. “Nje ya makazi” lina maana kwamba seti iliyolala kwenye droo yako nyumbani haiguswi na kifungu hiki. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba kitu kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya wizi ni ushahidi, chenyewe, kwamba ulikibeba kwa kazi hiyo. Kichokonoo kinaangukia wapi? Fundi wa vitasa anakitumia kila siku kuwafungulia watu waliopoteza funguo, kwa hiyo kusema kimetengenezwa kwa wizi ni kumwonea. Hata hivyo, anayekutwa nacho barabarani ndiye atakayekuwa na kazi ya kujieleza.

Ndiyo maana swali la “kununua ni halali?” peke yake halitoshi. Kununua ni jambo moja, kuwa nazo nyumbani ni jingine, kutembea nazo ni jingine, na kuzitumia ni jingine kabisa. Mara nyingi ununuzi ndio mwepesi kuliko yote. Uzito unaanza kwenye kutembea nazo, tena usiku. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1916 ilimkamata mtu aliyekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali, na maneno ya namna hiyo yaliingia pia katika kanuni za adhabu za nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Saa nne asubuhi njiani kuelekea kwa rafiki na saa nane usiku nyuma ya duka la mtu ni mfuko uleule wenye zana zilezile, ila kesi ni mbili tofauti.

Nchi na nchi, tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye mzigo wa uthibitisho, yaani nani anatakiwa kuithibitisha nia. Marekani inaonyesha jambo hili vizuri kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake. California, kuwa na vichokonoo huwa kosa pale panapokuwa na nia ya kuvunja, na nia hiyo lazima upande wa mashtaka uithibitishe. Virginia, kukutwa nazo kunahesabiwa kuwa ushahidi wa awali wa nia mbaya, isipokuwa kwa wafanyabiashara wenye leseni. Ushahidi wa awali si hukumu, na waweza kupingwa kwa maelezo ya kweli. Lakini kujitetea ukiwa umeshakaa kizimbani ni tofauti mno na kuachwa uendelee na safari yako, na mimi naona tofauti hiyo ndiyo inayomgusa mwenye mchezo huu kuliko ukubwa wa adhabu.

Japani imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2003 inakataza kuwa na vifaa maalumu vya kufungulia kufuli bila kazi au sababu nyingine ya haki, na kosa hilo laweza kumtia mtu ndani hadi mwaka 1 au faini hadi yeni 500,000. Huko kisingizio cha “zipo kabatini tu” hakina nguvu iliyo nayo Uingereza.

Posta nayo ina neno lake. Sheria ya taifa ya Marekani hairuhusu vifaa vya fundi kufuli kupita kwenye posta ila kwa makundi machache, kama vile mafundi wenyewe na watengenezaji au wauzaji wa magari. Jimbo laweza kukuruhusu kumiliki kitu ambacho posta haikuruhusiwa kukuletea.

Wanaouona mchezo huu kama ndugu wa wizi wamesahau Alfred Charles Hobbs, fundi kufuli Mmarekani aliyefika London mwaka 1851. Alilifungua kufuli la kampuni ya Chubb kwa dakika kama 25 mbele ya mashahidi, kisha akaligeukia lile la kampuni ya Bramah, lililokaa dirishani mwa duka lao mtaa wa Piccadilly tangu 1790 na ahadi ya ginii 200, fedha ya zamani ya Kiingereza, kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 ndani ya siku 16, na zawadi akapewa. Waliokuwa wakiuziwa makufuli “yasiyofunguka” walijua ukweli kupitia kwake.

Vyama vya wachokonoaji, kama kile cha Ujerumani kilichoanzishwa 1997, vinashika kanuni mbili: usiguse kufuli lisilo lako bila ruhusa, na usichokonoe kufuli linalotumika, hata likiwa lako, maana pini ikiharibika utalala nje. Mpangaji akumbuke kwamba kitasa cha mlango anaoulipia kodi ni cha mwenye nyumba. Kabla ya kuagiza, soma kanuni ya adhabu ya nchi yako ukitafuta maneno “nia”, “usiku”, “sababu halali” na “makazi”, kisha angalia sentensi inayosema ni nani anayetakiwa kuthibitisha.