Fruktosi: sukari ya matunda isiyopanga foleni

Ukinunua muwa uliomenywa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Muhoroni, utamu unaoufyonza ni wa sukrosi, sukari ile ile tunayotia kwenye chai. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, huipasua ikawa sukari mbili, nusu kwa nusu: glukosi na fruktosi. Glukosi tunaijua, ndiyo inayopimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Hii ya pili husahaulika.

Fruktosi ni sukari sahili, yaani haivunjiki tena ikatoa sukari ndogo zaidi. Molekuli yake ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni, hesabu ile ile ya glukosi, ila zimepangwa vingine. Mpangilio huo tu unatosha kuifanya iwe tamu kuliko glukosi, na hata kuliko sukari ya chai. Imo kwenye maembe, kwenye mapapai, na kwa wingi kwenye asali.

Mwilini ndiko zinakoachana njia. Glukosi hutumiwa na karibu kila seli, na ikipanda kwenye damu, kongosho hutoa insulini, homoni ya kuishusha. Fruktosi haiishtui sana kongosho. Sehemu yake kubwa hushughulikiwa na ini. Humo, glukosi ina mkaguzi wake: nishati ikiwa tayari inatosha, kimeng'enya kimoja huipunguzia mwendo. Ni kama matrekta ya miwa langoni mwa kiwanda, kila trela likingoja mizani. Fruktosi haipangi foleni; hutokea upande wa ndani, mizani ikiwa nyuma yake. Ini huigeuza glukosi, au huiweka akiba kama glikojeni, au huichoma. Ikizidi, hugeuzwa mafuta. Tena ini likiishughulikia kwa wingi, asidi ya yuriki huongezeka, ile inayoleta jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma.

Basi tuache maembe? Hapana. Embe zima lina maji na nyuzinyuzi, utashiba mapema. Chupa ya soda haishibishi hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku: kama gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Tunda zima halihesabiwi. Sukari nguru, ambayo wengi huku kwetu huitetea kwamba ni ya kienyeji na haina neno, inahesabiwa: ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakaganda, na sukrosi yake ni ile ile.